Projekti za zamani za muziki kugoma kwenye kompyuta mpya: tatizo ni programu, plagini au sisi wenyewe?

#1 Fundi wa Nyegezi
Wakuu salaam.

Kuna kwaya moja ya huku Kanda ya Ziwa nilirekodi albamu yao enzi za Windows XP. Sasa wana jubilei, wanataka nyimbo mbili za albamu ile zimiksiwe upya: kinanda kipungue, besi za wanaume zisikike. Kazi ndogo. Faili zote ninazo, nimezihamisha diski hadi diski tangu wakati huo.

Nimefungua projekti kwenye mashine mpya ya Windows 11. Sauti za waimbaji zipo zote, soprano mpaka besi. Kinanda kimya. Ngoma kimya. Karibu kila chaneli ina onyo kwamba plagini (programu ndogo ya kuchomeka ndani ya programu ya kurekodi) haikupatikana. Kinanda chote kilikuwa MIDI, yaani maagizo ya nota bila sauti, inayopigwa na ala ya ndani ya kompyuta, na ala yenyewe ni ya biti 32 wakati programu za leo ni za biti 64, waliyoitengeneza walishafunga ofisi. Nota naziona kwenye skrini, zimejipanga vizuri kabisa, ila hakuna wa kuzipiga.

Programu niliyotumia siitaji, sitaki uzi ugeuke vita vya timu. Ila midundo yangu ya FL Studio ya miaka hiyohiyo nimeifungua na inapiga. Kwa hiyo nasema wazi: mtu anayetaka kazi yake idumu kuliko kompyuta yake, FL Studio ndiyo programu pekee. Anayepinga alete hoja.

#2 Kipaza Kariakoo
Tumeanza. Uzi wowote wa studio humu lazima FL itawazwe.

Mkuu, hiyo midundo yako ya FL ilitumia nini? Nina uhakika ni sampo za WAV, 3xOsc na labda Sytrus, yaani vitu vya FL yenyewe. Ya kwaya ukatumia ala ya kampuni nyingine. Hapo hujalinganisha programu mbili, umelinganisha ala ya programu yenyewe na ala ya nje. Chukua hiyo ala iliyokufa, ifungue kwenye FL, halafu urudi hapa.

#3 Binti Mikseri
Kipaza ana hoja ila haijakamilika, kwa sababu programu hazilingani kwenye kuvumilia plagini za zamani.

Plagini ya biti 32 haiwezi kupakiwa moja kwa moja ndani ya programu ya biti 64. Lazima kuwe na daraja: programu ndogo pembeni inayoibeba ile plagini na kupitisha sauti kwenda na kurudi. FL Studio ya Windows ina daraja lake la ndani. REAPER pia analo. Cubase kuanzia toleo la 9, Desemba 2016, waliachana na biti 32 kabisa. Pro Tools 11 ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi, ilihamia aina mpya ya plagini, AAX ya biti 64, na plagini zote za aina za zamani, RTAS na TDM, zikabaki nje ya mlango. Kwa hiyo plagini ileile, kompyuta ileile, inaweza kulia kwenye programu moja na kugoma kwenye nyingine. Huo ni uamuzi wa watengenezaji.

Fundi, umeshajaribu daraja lolote?

#4 Sauti ya Tudor
Hamjambo wa bara. Nionavyo mimi mnamsingizia asiye na kosa. Aliyeua biti 32 ni Windows 11. Laptopu yangu ilikuwa salama salimini kwenye Windows 10, nikahamishwa, mambo yakaanza kuharibika.

#5 Kipaza Kariakoo
Hapana yakhe. Windows 11 haina toleo lake la biti 32, lakini programu za biti 32 inaziendesha mpaka leo. Zilizotupwa na Windows ya biti 64 ni zile za biti 16, na hilo ni la miaka mingi. Aliyefunga mlango ni Apple, macOS Catalina, Oktoba 2019. Siku hiyo hata daraja halikusaidia kitu.

Kama laptopu yako ilipopanda Windows 11 mambo yaliharibika, angalia kwanza draiva ya saundikadi.

#6 Sauti ya Tudor
Nimekuelewa, nashukuru. Draiva kweli ni ya zamani.

#7 Kamba za Shaba
Hatimaye mtu ametaja draiva! Plagini mnazopigania mtu unaweza kuishi bila yake. Saundikadi ikikataliwa na mfumo mpya, studio imefungwa.

Mimi nilikuwa na kadi ya FireWire, kiunganishi cha zamani, chaneli nane, pri-ampu zake nzuri ajabu, ngoma nzima ya Kinyamwezi inaingia kwa mkupuo. Kampuni yake siitaji. Draiva ya mwisho ilitoka, hawakuandika tena. Kadi ni nzima hadi leo, taa zinawaka, hakuna kompyuta mpya inayoitambua. Na kwa wenye Mac, macOS 26 ya mwaka 2025 imeiondoa FireWire yenyewe. Kabla ya hapo tulizikwa na kadi za PCI, zile za kuchomeka ndani ya kompyuta, bodi mpya zilipokuja bila nafasi zake.

Ushauri wangu kwa anayenunua leo: chukua kadi ya USB inayofuata kiwango cha kawaida cha sauti ya USB, ile inayotambuliwa bila draiva ya mtengenezaji. Windows 10 ilianza kuzitambua zile za kiwango cha pili mwaka 2017, Mac zilitangulia. Kampuni ikifa kesho, kadi yako inabaki kuwa kadi.

#8 Binti Mikseri
Bila ASIO, ile njia ya draiva ya kupitisha sauti haraka, hiyo draiva ya kawaida ya Windows itakupa ucheleweshaji mkubwa wakati wa kurekodi, hilo uliseme pia. Lakini kwa kufungua kazi ya zamani na kumiksi inatosha.

#9 Jirani wa Kinanda
Naomba niwe mbaya kidogo. Kraki, yaani programu zilizovunjwa leseni! Studio nyingi za Bongo na Nairobi zilijengwa juu ya Cubase 5 na Nuendo 3 za kwenye CD ya kununua mtaani. Kraki haina apdeti, haina faili la kusakinishia la toleo lililofuata, haina pa kuulizia. Unamlaumu nani toleo lako likiishia 2009? Mwenye leseni anaingia kwenye akaunti yake na kushusha apdeti. Image-Line wa Ubelgiji, wenye FL, wanatoa apdeti za bure maisha yote kwa aliyenunua, tangu enzi inaitwa FruityLoops. Ndiyo maana FL ya Fundi inafungua kila kitu, sio uchawi. Kama hiyo FL ameinunua lakini.

#10 Fundi wa Nyegezi
Nimeinunua mkuu, mwaka 2018 walipotoa FL Studio 20. Ile nyingine naomba tuendelee na mada.

#11 Kipaza Kariakoo
😂 Tunaendelea na mada kiongozi.

#12 Mama Desibeli
Jirani wa Kinanda, kulipa ni haki ya aliyefanya kazi, tufundishane hivyo hata humu. Lakini usiwaaminishe vijana kwamba risiti itawafungulia projekti baada ya miaka 15. Mimi nililipa.

Steinberg, wenye Cubase, walikuwa na kidude cha USB cha leseni, eLicenser. Mwaka 2022 Cubase 12 ikaja bila kidude, na Mei 2025 huduma ya kidude ikazimwa. Leseni iliyomo kwenye kidude inaendelea kufanya kazi kikiwa kizima, ila kikivunjika hakuna wa kukufufulia. Adobe mwishoni mwa 2012 walizima seva za kuidhinishia matoleo yao ya zamani, Audition 3 ikiwemo, ikabidi wawatolee wateja namba maalum za kusakinishia. Walifanya vizuri kutoa, lakini ona: mtu aliyelipa alikuwa anasubiri huruma.

Halafu kuna kampuni kununuliwa. Julai 2002 Apple walinunua Emagic, wenye Logic, na Logic ya Windows ikaishia toleo la 5. Wale watu walikuwa na leseni halali. Syntrillium, wenye Cool Edit Pro ambayo nusu ya watangazaji wetu walijifunzia, iliuzwa kwa Adobe mwaka 2003. SONAR iliachwa na Gibson Novemba 2017 ikaokotwa na BandLab mwanzoni mwa 2018. Mtumiaji hakuulizwa mahali popote.

#13 Mwana wa South B
Maze Mama Desibeli umeongea. Mimi ni mtu wa Mac na nikubali tu, Apple ndio wazee wa kuhamisha watu. Kutoka chipu za PowerPC kwenda Intel mwaka 2006 walileta Rosetta ya kutafsiri programu za zamani, wakaiondoa na mfumo wa Lion 2011. Kutoka Intel kwenda chipu yao wenyewe ya M1, Novemba 2020, wakaleta Rosetta 2. Na Juni 2025 wametangaza macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na Rosetta 2 itabaki kamili mpaka macOS 27 tu. Nina plagini za Intel ambazo sijui wenyewe wako wapi, tarehe ya kifo chao tayari ninayo.

Lakini nisikilizeni. Mac ya M1 inamiksi bila feni kulia na haiingizi kelele kwenye maiki. Kila uhamisho uliniumiza na kila uhamisho ulinipa mashine bora. Mnataka mfumo usiobadilika? Upo, ni mashine iliyozimwa.

#14 Kamba za Shaba
Na bei yake ni kiwanja Chanika.

#15 Mwana wa South B
Lakini kiwanja hakina betri ya saa kumi na tano. Stima ikipotea wewe unapanga tofali mimi namaliza miksi.

#16 Mzee Rili
Vijana shikamooni nyote mlionizidi, na marahaba kwa wengine.

Nimefanya kazi na mashine za utepe. Bendi zetu nyingi za dansi za miaka ya 1970 zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zile ziko TBC. Ukiweka rili ya mwaka 1975 kwenye mashine nzima, inaimba. Haikuulizi toleo, haikuulizi leseni. Nawasikia mnazungumzia kazi za juzi, za 2009, kana kwamba zimechimbwa Olduvai.

#17 Binti Mikseri
Marahaba… samahani, shikamoo mzee 😅

Kwa heshima zote, utepe nao una yake. Kuna tepu za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake inanyonya unyevu, ukizicheza zinaacha ute kwenye kichwa cha mashine, na wataalamu huzipasha joto la chini kwa saa nyingi kabla ya kuzinakili. Joto na unyevu wa Dar ndio usiseme. Na mashine nzima ziko ngapi? Vichwa vinalika, mikanda inakatika.

Pia rili ya RTD ni wimbo uliokwisha kuchanganywa. Fundi hana shida ya kusikiliza albamu, CD anayo. Anataka kupunguza kinanda.

#18 Mzee Rili
Hapo umenena mwanangu. Tulichanganya wakati bendi inapiga, kosa la tarumbeta lilibaki kwenye wimbo na leo watu wanalipenda. Lakini hoja yangu iko palepale: kilichoandikwa kama sauti kinadumu kuliko kilichoandikwa kama maagizo ya kutengeneza sauti.

#19 Kipaza Kariakoo
Hiyo ya Mzee Rili ndiyo ingekuwa jibu la uzi mzima kama ingekuwa kweli asilimia mia. WAV ni ya mwaka 1991, Microsoft na IBM, na kila programu inaisoma. Sawa. Lakini na faili la MIDI ni maagizo matupu, kiwango chake ni cha 1988, nalo linafunguka popote. Maagizo yakiandikwa kwa lugha ambayo kila mtu anaijua yanadumu.

Kinachokufa ni ile sehemu ya projekti inayohifadhi mipangilio ya plagini. Programu inaandika kitambulisho cha plagini, halafu inabandika furushi la data ambalo plagini yenyewe pekee ndiyo inajua kulisoma. Kwa VST2, aina ya plagini iliyoenea wakati ule, kitambulisho ni herufi nne tu. Plagini ikihamia VST3 inapata kitambulisho kingine kirefu, na kama mtengenezaji hakujali kuviunganisha, projekti inamtafuta marehemu wakati mrithi amekaa palepale.

Kwa hiyo kwangu mimi mkosaji ni Steinberg. VST waliileta wao 1996, wakaleta VST3, halafu mwaka 2018 wakaiua VST2.

#20 Mama Desibeli
Rekebisha tarehe mkuu. VST3 ilitoka 2008. Mwaka 2013 walitangaza kuacha kuiendeleza VST2. Oktoba 2018 walifunga leseni kwa watengenezaji wapya tu, waliokuwa nayo waliendelea. Januari 2022 ndipo walisema programu zao wenyewe zitaiacha ndani ya miezi 24. Miaka 14 kutoka kuzaliwa kwa mrithi hadi tangazo la mwisho. Anayesema walishtukiza watu hajafuatilia.

#21 Kipaza Kariakoo
Tarehe nakubali, hukumu sibadilishi. Plagini nyingi za bure za wakati ule zilitengenezwa na mtu mmoja mmoja kwa SynthEdit, biti 32, VST2. Watu wale walipata ajira nyingine, wakaoa, hawakusoma tangazo lolote. Ukiwapa miaka 14 au 40 ni yaleyale.

#22 Nukta Reaper
Nimesoma kimya hadi nimechoka. REAPER! Imeandikwa na Justin Frankel, yuleyule wa Winamp, na mpaka leo wanatoa toleo linalokubali Windows XP. Faili lake la projekti, .RPP, ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad unakuta jina la traki, mahali WAV ilipo, jina la plagini. Wiki iliyopita nimeokoa projekti ya mteja aliyebadilisha jina la folda: nimetafuta njia ya zamani, nimeweka mpya, nimehifadhi, imefunguka. Jaribu kufanya hivyo kwenye .flp ya FL au .cpr ya Cubase uone yale madudu.

Dola 60 kwa mtu wa kawaida, unajaribu siku 60 bila kufungiwa kitu.

#23 Fundi wa Nyegezi
Kwenye hayo maandishi furushi la plagini nalo linasomeka?

#24 Nukta Reaper
Furushi hapana, ni herufi zisizoeleweka. Ila unajua angalau marehemu anaitwa nani.

#25 Mnyiramba Sauti
Mmesahau sababu ya kawaida kuliko zote. Wakati ule diski ya GB 40 ilikuwa mali, na ilibeba Windows, sampo na kazi za wateja wote. Nani angetoa kila traki kuwa WAV? Mteja akishachukua CD yake unafuta ili wa kesho apate nafasi.

Leo hesabu ni hii: dakika moja ya traki ya mono, biti 24, 44.1 kHz, ni karibu MB 8. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 30 haufiki hata GB 1. Toa kila traki kuanzia baa ya kwanza hata kama inaingia kwenye kiitikio, mara moja ikiwa kavu na mara moja ikiwa na madoido yake, andika tempo na kiwango cha sampo kwenye jina la folda. Na kila ala ya MIDI itolewe faili lake la MIDI pia. Hapo Steinberg, Apple na Microsoft wote wakafanye watakalo.

#26 Mwana wa South B
Sawa, lakini traki za WAV sio projekti. Faders (vitelezi vya sauti) zako zilivyokuwa zinapanda na kushuka, rivabu inayofunguka kwenye mstari wa mwisho, vyote unaanza upya. Wenye kufikiria mbele sasa waangalie DAWproject, faili la wazi lililoletwa na Bitwig na PreSonus mwaka 2023, na Cubase 14 nayo inalisoma. Linabeba traki, nota, mwendo wa faders, hata hali ya plagini.

#27 Binti Mikseri
Na FL? Logic? Pro Tools? Mpaka wakubwa hawa waingie ni barabara nzuri isiyofika sokoni. Na hali ya plagini inayobebwa ni furushi lilelile la #19.

#28 Sauti ya Tudor
Ndugu zangu nimeweka draiva mpya, laptopu imetulia. Sasa naona watu humu wamepoteza kazi za miaka na mimi nilikuwa nalalamika bure.

#29 Fundi wa Nyegezi
Mrejesho. Nimepitisha plagini zote kwenye daraja kama alivyosema Binti Mikseri. Ngoma zimerudi. Kompresa za sauti zimerudi. Kinanda kimefunguka sekunde chache, kikaonyesha uso wake wa zamani, kisha kinadai namba ya kuidhinisha kutoka kwenye tovuti ambayo haipo tena. Kwa hiyo Mama Desibeli yuko sahihi, Kipaza yuko sahihi, na Jirani wa Kinanda simpi neno.

#30 Jirani wa Kinanda
Sijasema kitu mkuu.

#31 Kamba za Shaba
Tafuta mashine ya XP. Nina Pentium 4 Morogoro, nilinunua vipuri kwa ajili ya kadi yangu ya PCI. Ukiipata ile iliyokuwa na kinanda kimeshaidhinishwa, unacheza kinanda peke yake, unakirekodi WAV, basi. Ila kagua kapasita za bodi kabla hujawasha, za miaka ile huvimba kichwani na kuvuja. Na usiiunganishe na intaneti.

#32 Mama Desibeli
Au mashine ya ndani ya mashine, XP ikaendeshwa ndani ya Windows 11. Kutoa WAV hakuhitaji kasi. Tatizo idhini ya kinanda huenda ilifungwa kwenye diski ya zamani, hapo itagoma vilevile.

#33 Mzee Rili
Mwanangu Fundi, hiyo kwaya haina mpiga kinanda? Nota si unazo.

#34 Fundi wa Nyegezi
Mzee, mpiga kinanda wa albamu ile sasa ni mchungaji Geita. Nikimpelekea faili la MIDI kwenye kinanda cha kanisa, litapiga nota zake mwenyewe, ila sauti haitakuwa ile. Mwalimu wa kwaya anataka ile ile, anasema waumini wataijua tofauti. Kesho nafuata mashine ya zamani kwa kijana niliyemuuzia, anaitumia kuchapa kadi za harusi. Kamba za Shaba, hizo kapasita zilizovimba zinafananaje? Kama una picha weka hapa.

#35 Kamba za Shaba
Nitaweka jioni nikirudi. Ni vile vikopo vidogo karibu na prosesa. Kikiwa kizima kichwa chake ni bapa, kibovu kimeinuka na kina kahawia ya kutu juu. Mwambie asifomati kwanza.

#36 Kijana wa Ses
Habari, mimi mgeni. Nina sesheni za Cool Edit Pro za redio moja ya jamii, .ses, naweza kuzifungua kwa nini?

#37 Mama Desibeli
Audition 1.5 mpaka 3 zinazifungua. Toleo lililoandikwa upya la 2011 lilikuja na .sesx na mambo yakawa mengine. Fungua uzi wako, uniite, na useme WAV zake ziko folda gani, maana .ses peke yake haina sauti ndani.